Nimeshikwa na moshi wa bangi hosteli Massachusetts, je viza yangu imekwisha?

"Shikamoo dada wakili. Mimi ni kijana wa Mombasa, miaka 20, niko mwaka wa pili kwenye chuo kikubwa chenye jina hapa Massachusetts, nasoma kwa skolaship na viza ya mwanafunzi, F-1. Wiki mbili zilizopita tulikuwa chumbani na rumeti wangu, yeye ni raia wa hapa, alisokota bangi tukavuta pamoja dirishani. Harufu ikatoka hadi korido, polisi wa chuo wakaja wakagonga, rumeti akafungua. Wakauliza nani amevuta, mimi kwa woga nikasema nimevuta mara mbili tatu tu. Wakachukua kile kipande kilichobaki, wakaandika majina yetu wakaondoka, hakuna aliyekamatwa. Sasa nimepata barua kutoka ofisi ya mlezi wa wanafunzi, wanataka niandike maelezo halafu nihudhurie kikao. Rumeti anacheka tu, anasema bangi ni halali hapa tangu kitambo. Rafiki mwingine anasema nichukue kadi ya bangi ya matibabu nijikinge nayo, maana ukweli ni kwamba navuta ili nipate usingizi. Ishu ingine, niliwahi kumrushia rumeti dola 20 kwa Venmo, ile app ya kutumiana pesa, nikaweka alama ya jani. Niifute? Na viza kwenye pasi imeisha muda, nilipanga kwenda nyumbani Desemba niombe nyingine Nairobi. Nitarudi kweli? Mamangu hajui lolote."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Naona mambo yamekurundikana yote kwa pamoja ndio maana unashindwa kujua lipi la kuogopa na lipi la kuacha, hebu tuyachambue moja moja.

Kwanza utulie. Hujakamatwa, hujachukuliwa alama za vidole, hujashtakiwa, hujaitwa kortini. Viza yako haijafa kwa sababu ya moshi. Na ile kuisha muda kwa viza kwenye pasi isikutishe ukiwa ndani ya nchi, viza ni ya kuingilia tu, kinachokuweka hapa kihalali ni I-20 yako, ile hati uliyopewa na chuo, na rekodi yako kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na hizo ziko hai madamu unasoma masomo kamili na chuo hakijakuondoa. Kwa hiyo leo hii unapolala uko sawa. Nalisema hili mwanzo kwa sababu nimeshaona vijana wakipaniki wanakata tiketi usiku wakimbie kabla ya kikao, na hapo ndipo wanapojiharibia, kwa sababu ambazo ntazieleza.

Lakini rumeti wako anakupotosha. Sidhani ana nia mbaya, anaongea vile mambo yalivyo kwake yeye raia, na hata hapo hajaongea yote.

Wapiga kura wa Massachusetts waliondoa kesi ya jinai kwa bangi kidogo mwaka 2008, ikawa faini ya dola 100 kwa aliye na aunsi 1 au pungufu. Wakaruhusu ya matibabu 2012. Halafu kura ya Novemba 2016 ikaruhusu mtu aliyetimiza miaka 21 abebe hadi aunsi 1, yaani kama gramu 28, na maduka ya kwanza yakafunguliwa Novemba 2018. Umeona hapo? Miaka 21. Wewe una 20. Kwa hiyo hata sheria ya jimbo, hiyo anayojivunia rumeti, haikukupa ruhusa, ilichokupa ni kwamba kosa lako kwa jimbo ni la faini tu, halikupeleki jela. Kuvuta hadharani pia kuna faini hata kwa mzee wa miaka 60.

Halafu chumba si chako, ni cha chuo, na chuo kina sheria yake. Watu huniuliza mbona jimbo limeruhusu na vyuo vya hapa vyote vinakataza, tena hivi vikubwa vyenye mabilioni ndio vinakataza kwa maandishi kabisa. Sababu ni pesa za serikali kuu. Kuna sheria ya mwaka 1989 inayovitaka vyuo vyote vinavyopokea fedha za shirikisho, ziwe za utafiti au za mikopo ya wanafunzi, viwe na sera ya kuzuia dawa haramu, na haramu hapo ni kwa sheria ya shirikisho. Hakuna chuo kikubwa kitakachoweka rehani ruzuku zake za utafiti kwa ajili ya bangi ya wanafunzi. Kwa hiyo barua uliyopata ni ya kawaida kabisa, wangekupa hata ungekuwa na miaka 25.

Sasa tuje kwenye kinachokuhusu wewe na hakimhusu rumeti. Uhamiaji wa Marekani haujali sheria ya Massachusetts. Unaangalia orodha ya dawa zinazodhibitiwa na serikali kuu, ambayo ilianza na sheria ya mwaka 1970, na bangi imo. Utasikia habari za bangi kuhamishwa daraja, watu wanafurahi kwenye magrupu wanasema sasa imekwisha. Hapana. Sheria ya uhamiaji haiulizi dawa iko daraja la ngapi, inauliza imo kwenye orodha au haimo. Ikishuka daraja bado imo, na kwa mtu wa viza hakuna kilichobadilika.

Hapa naomba usome polepole, maana hata mawakili wa kesi za kawaida huwa wanateleza. Sheria ya uhamiaji ina milango miwili na kila mmoja una kanuni zake. Kuna mlango wa kutolewa, yaani uko ndani tayari na serikali inataka kukufukuza, na kuna mlango wa kuingia, yaani uko nje unaomba viza au umesimama mbele ya ofisa pale uwanja wa ndege wa Logan. Kwenye mlango wa kutolewa, kwa kosa la dawa wanahitaji hukumu, na kuna ahueni: kosa moja tu la kuwa na bangi ya matumizi yako isiyozidi gramu 30 halikufukuzishi. Kwenye mlango wa kuingia ahueni hiyo haipo. Tena hawahitaji hukumu hata kidogo, inatosha mtu akiri kwamba alitenda kosa la dawa zinazodhibitiwa. Kukiri tu, bila korti wala kesi.

Ndio maana unaweza kukuta kijana mmoja aliwahi kulipa faini ya bangi akakaa Marekani miaka bila kuguswa, halafu akaenda harusi ya dadake Mombasa na hakurudi tena. Si kwamba alifanya kosa jipya huko, alitoka tu kwenye mlango wenye ahueni akaenda kusimama kwenye mlango usio nayo.

Kwa hiyo uliponiuliza kama utarudi ukienda Desemba, jibu langu ni usiende bado. Fomu ya DS-160 utakayojaza kwa ajili ya Nairobi inauliza kama umewahi kuvunja sheria yoyote inayohusu dawa zinazodhibitiwa, na inauliza kama unatumia vibaya dawa au ni mraibu. Ukiweka ndiyo bila kujipanga, umejifungia mwenyewe. Ukiweka hapana na siyo kweli, hiyo ni mbaya zaidi, kudanganya ili upate viza ni kosa linalokuzuia kuingia maisha yako yote, na utalibeba hata ukija kuoa raia huko mbele. Siwezi kukwambia udanganye na mtu yeyote akikwambia "weka hapana, watajuaje" huyo mkimbie. Msamaha maalum upo kwa wanaoomba viza za muda, ubalozi unaweza kupendekeza ukapewa, ila unachukua miezi na hakuna wa kukuahidi. Njia salama ni kubaki hapa mpaka wakili wa uhamiaji akae na wewe, asome kilichoandikwa kweli kwenye ripoti ya polisi, ndipo muamue ukiwa umeelewa kila swali linamaanisha nini kisheria.

Na hili likupunguzie presha: yale maneno uliyomwambia polisi mlangoni, kwamba umevuta mara mbili tatu, si lazima yahesabiwe kuwa ni kukiri kwa maana ya uhamiaji. Kuna uamuzi wa zamani wa bodi ya rufaa ya uhamiaji, wa 1957, unaosema kabla mtu hajahesabiwa amekiri ni lazima kwanza aelezwe kosa lenyewe ni nini kwa lugha anayoelewa, kisha akiri kwa hiari yake mambo yote yanayounda kosa hilo. Polisi wa chuo hawakukufanyia hivyo. Kwa hiyo hilo halijafunga kitu. Lakini limeandikwa mahali, na ofisa mwenye ripoti mkononi anaweza kukuuliza upya kwa utaratibu kamili, ndio maana nasema usiende kusimama mbele yake kwa sasa.

Hapo hapo niseme kuhusu polisi. Wanafunzi wengi huwachukulia polisi wa chuo kama askari wa geti kule kwetu. Siyo hivyo. Hapa Massachusetts vyuo vikubwa vya binafsi vina polisi walioapishwa, wana mamlaka ya kukamata, na wanachoandika ni ripoti ya polisi. Wakigonga, kufungua mlango si lazima uwakaribishe ndani. Mahakama kuu ya jimbo hili ilishaamua mwaka 1996 kwenye kesi ya chuo cha umma cha Fitchburg, ambapo wahudumu wa bweni walikuwa wanatafuta paka, wakakuta mimea ya bangi kwenye kabati la mwanafunzi, wakaita polisi wa chuo nao wakaingia wakabeba ushahidi bila hati ya upekuzi. Mahakama ikasema wahudumu wanaweza kuingia kwa mambo ya usalama na afya kama mkataba wa bweni unavyosema, lakini ruhusa hiyo haiwafuniki polisi, ushahidi ukatupwa. Na mwaka 2011 mahakama hiyo hiyo ikasema harufu ya bangi iliyochomwa peke yake haitoshi kumwamuru mtu ashuke kwenye gari. Kwa hiyo una haki, nazo ni zako hata kama si raia. Sema kwa adabu "samahani afande, sikubali kupekuliwa na sitajibu maswali bila wakili." Jina lako toa, kitambulisho cha chuo toa. Usidanganye, usibishane, usikimbie.

Najua ni rahisi kuandika hivi, na kijana wa miaka 20 mweusi mwenye lafudhi ya kigeni akiwa amesimama mbele ya bunduki mbili hana raha ya kunukuu sheria. Hili linaniuma na sitalizungukazunguka. Chama cha kutetea haki za raia, ACLU, kilipitia takwimu za 2018 za nchi nzima kikakuta mtu mweusi ana uwezekano mara 3.64 zaidi ya mzungu wa kukamatwa kwa kuwa na bangi, na hao watu wawili wanavuta karibu sawa. Ndani ya geti za vyuo hivi vikubwa, ukweli ni kwamba mambo mengi ya bangi huishia kwa mlezi wa wanafunzi, onyo, darasa la mafunzo, basi. Kijana wa mtaa wa jirani akifanya hilo hilo nje ya geti hana mlezi wa kumwandikia barua ya upole. Hivyo wanafunzi hujiona wana kinga. Na kinga ina mwisho. Mei 2009 kijana wa Cambridge ambaye hakuwa mwanafunzi alipigwa risasi ndani ya Kirkland House, bweni la Harvard, watu walikuja kumwibia bangi na pesa, akafariki. Desemba 2010 polisi wa New York waliwakamata wanafunzi 5 wa Columbia kwa kuuza dawa, bangi ikiwemo, baada ya askari kanzu kununua kutoka kwao kwa miezi. Yote hayo yalitokea kwenye vyuo ambavyo mzazi akitaja jina watu wanasimama.

Wewe una nusu tu ya hiyo kinga. Mlezi wa wanafunzi anaweza kukusamehe vizuri kabisa, na ofisa wa ubalozi asijali.

Kuhusu hicho kikao sasa. Chuo kinayo faili yako, na sheria ya faragha ya rekodi za elimu ya 1974 inailinda kwa kiasi, lakini wewe mwanafunzi wa F-1 taarifa zako fulani chuo ni lazima kizipeleke serikalini. Kinachotakiwa kuripotiwa ni adhabu ya chuo iliyotokana na wewe kuhukumiwa kwa jinai, na hujahukumiwa, kwa hiyo onyo au kuwekwa chini ya uangalizi kwa kawaida hakuendi popote. Hatari iko kwenye kusimamishwa masomo. Ukisimamishwa hata muhula mmoja, husomi masomo kamili, na asiyesoma masomo kamili ofisi ya wanafunzi wa kimataifa inalazimika kufunga rekodi yake ya SEVIS. Rumeti wako akisimamishwa anarudi kwao anacheza gemu mpaka Agosti. Wewe unatakiwa kuondoka nchini, na ukitoka unakutana na ule mlango wa kuingia niliokueleza. Hiyo ndiyo njia ambayo kijana anapoteza kila kitu bila polisi wala hakimu kuhusika. Kwa hiyo lengo lako kwenye kikao ni moja, usisimamishwe. Omba adhabu nyingine yoyote: darasa la mafunzo, kuhamishwa chumba, kazi za kujitolea, uangalizi wa mwaka mzima. Na waambie wazi, kwa sauti ya heshima, kwamba kusimamishwa kwako kuna uzito tofauti na kwa mwenzako, wengi wa hawa walezi ni watu wazuri ila hilo hawalijui.

Maelezo ya maandishi usiandike peke yako usiku na kahawa. Karatasi hiyo ikishasainiwa ni ya milele. Nimeona wanafunzi wetu, kwa malezi yetu ya kuambiwa ukikosea kiri kila kitu uombe radhi, wanaandika kurasa mbili, tangu lini walianza kuvuta, walivuta na nani, kule nyumbani walivuta wapi. Hakuna aliyewauliza hayo. Wakili akikusaidia utaandika kwa ufupi kwamba unakubali sera ya bweni ilivunjwa chumbani kwako, unajutia usumbufu kwa majirani na uko tayari kwa masharti watakayoweka. Hapo hujadanganya popote, na hujajiandikia hati ya mashtaka. Vyuo vingine pia vinaruhusu uje na mshauri kwenye kikao, uliza.

Ile Venmo usiifute. Najua ulitarajia niseme ifute haraka. Kufuta ushahidi wakati uchunguzi unaendelea kunaweza kuonekana ni kuficha, na jambo dogo likageuka kubwa, halafu kampuni yenyewe ina kumbukumbu hata ukifuta upande wako. Unachoweza kufanya leo ni kubadilisha mipangilio iwe ya faragha, maana malipo ya Venmo yanaweza kuonekana na watu wote, na kuacha kabisa kurusha pesa ya bangi kwa mtu yeyote, na kumwonyesha wakili. Kwanini nalisisitiza? Kwa sababu neno la kutisha kuliko yote kwenye uhamiaji ni biashara. Ofisa akiwa na sababu ya kuamini tu kwamba mtu ni mfanyabiashara wa dawa anaweza kumzuia kuingia bila hukumu yoyote. Wewe ulinunua, hukuuza, na dola 20 ni dola 20, sidhani itafika huko. Lakini yule anayekusanya hela za wenzake chumba kizima halafu akaenda kuchukua mzigo wawagawane, huyo hata kama hakupata faida ya senti, kwenye karatasi anafanana na msambazaji. Kuna Mjamaika aliyekaa Marekani tangu mtoto, Adrian Moncrieffe, alikutwa na gramu 1.3 kwenye gari huko Georgia, kiasi cha misokoto miwili mitatu, serikali ikataka kumfukuza kama mtu wa kosa kubwa la biashara ya dawa. Ilibidi ifike Mahakama Kuu ya Marekani, 2013, ndipo majaji wakasema kugawana kidogo na marafiki bila malipo si lazima kuwe kosa kubwa la namna hiyo. Gramu moja na kitu, miaka na miaka ya kesi.

Kadi ya matibabu usichukue kwa kujikinga, haitakukinga. Daktari anapendekeza kwa sheria ya jimbo, uhamiaji hawaitambui, na kadi yenyewe ni kumbukumbu iliyosainiwa na wewe kwamba unatumia bangi. Ni hivyo hivyo kwa kazi kwenye maduka ya bangi, kuna watakaokwambia wanalipa vizuri. Tangu Aprili 2019 maelekezo ya uhamiaji yanasema wazi kwamba hata kuajiriwa kwenye biashara hiyo iliyoruhusiwa na jimbo kunaweza kumharibia mtu ombi la uraia, na hao wanaoongelewa hapo ni wenye green card, yaani makazi ya kudumu. Wewe wa F-1 ndio usisogee kabisa.

Usingizi wako ni ishu halisi na sitaki uachwe nao hivi hivi. Nenda kwa washauri wa afya ya akili wa chuo, mazungumzo na mshauri aliyesajiliwa ni siri kwa sheria, muulize tu mwanzo siri hiyo inaishia wapi. Ukiacha bangi ghafla baada ya kuizoea usiku usingizi unaweza kuharibika zaidi kwa wiki chache, ndoto kali, jasho, hasira za karibu, hali hiyo inapita, usidhani unaumwa kitu kipya. Na mwenzako akizidiwa na chochote alichotumia piga simu ya dharura bila kufikiria viza, vyuo vingi vina sera ya kutomwadhibu aliyeita msaada, na uhai hauna rufaa.

Ikitokea jambo hili limeenda kortini, ingawa kwa hali yako naona ni mbali, usikubali makubaliano yoyote na mwendesha mashtaka kabla wakili wa uhamiaji hajayaona. Hapa Massachusetts kuna mpango maarufu ambapo unakubali kuna ushahidi wa kutosha, kesi inaahirishwa bila hukumu, baada ya miezi inafutwa. Kwa raia ni neema. Kwa uhamiaji hiyo ni hukumu, kwa sababu sheria yao inasema ukikiri ukweli wa kutosha na jaji akakuwekea sharti lolote, umehukumiwa. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2010 ilisema wakili wa utetezi ni lazima amweleze mteja asiye raia madhara ya uhamiaji kabla hajakiri kosa, kwa hiyo mdai wakili wako maelezo hayo. Na usitegemee misamaha. Ule wa Rais Biden wa Oktoba 2022 ulikuwa wa raia na wenye makazi ya kudumu tu, na ule wa gavana Healey uliotangazwa Machi 2024 unasafisha rekodi ya jimbo lakini msamaha wa gavana haufuti athari za uhamiaji kwa makosa ya dawa.

Mwenye kudhani haya ni nadharia akumbuke Aprili 2025, serikali ilipofunga rekodi za SEVIS za wanafunzi maelfu kwa kulinganisha tu majina na hifadhidata ya polisi, wamo waliokuwa na kesi zilizofutwa kitambo, wamo wa makosa ya barabarani. Wanafunzi wakaenda mahakamani, majaji wengi wakawasikiliza, na mwisho wa mwezi serikali ikarudi nyuma. Walirudishwa, lakini kuna waliokuwa wameshapanda ndege kwa hofu.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya tarehe ya kikao, muone wakili wa uhamiaji anayejua kesi za jinai pia, ana kwa ana. Mshauri wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ni mtu mwema na umuulize mambo ya SEVIS, ila ni mfanyakazi wa chuo, siri zako kwake hazina ulinzi wa wakili, kwa hiyo usimsimulie usiku ule. Kama huna pesa uliza kliniki za sheria za vyuo vya hapa, wanafunzi wa sheria wakisimamiwa na mawakili wanasaidia bure, au chama cha mawakili wa jimbo wakuelekeze kwa bei nafuu. Beba pasi, I-20, barua ya chuo, na uombe nakala ya ripoti ya polisi kupitia wakili, si wewe mwenyewe. Usingoje miadi ikiwa umepata wito wa korti, au barua pepe kwamba viza imefutwa, au maofisa wamekuja mlangoni, hapo piga simu siku hiyo hiyo.

Tiketi ya Desemba iahirishe hata kama utapoteza kidogo. Na mamako mpigie. Mwambie wewe kabla hajashangaa mbona huji Krismasi au Idi, mwambie kuna barua ya chuo unaishughulikia na wakili yupo, usimwachie maneno ya watu wa Mombasa yamfikie kwanza. Atakasirika, muache akasirike, halafu muombe dua na muombe pia, kama familia inaweza, msaada wa gharama ya mashauriano ya kwanza.